Spika Isiyo na Kioo

Msichana wa dukani aliweka mashine mbili juu ya kaunta akaniambia nichague. Zote mbili, alisema, zinawekwa laini ya simu na kusambaza intaneti nyumba nzima, na zote mbili zinaongea ukiziongelesha. Tofauti ni kwamba moja ilikuwa na kioo kikubwa kama daftari la shule, na nyingine haikuwa na uso kabisa, duara tu lililovikwa kitambaa cha kijivu, mfano wa chungu kilichovalishwa soksi.

"Hii ya kioo ndio poa, susu," akasema. "Msichana wako akipiga, unamwona live. Hiyo ingine ni sauti tu."

Susu ni nyanya kwa Kikamba. Sikuwa nyanya wa mtu yeyote, na mpaka leo si nyanya wa mtu, lakini mvi zangu zilikuwa zimeshaamua kwa niaba yangu. Nilimwomba kiti kwanza. Nilikuwa nimetembea kutoka stendi hadi pale juani, na sipendi kuchagua kitu nikiwa nimesimama.

Niseme ukweli mapema, maana umri wangu hauna nafasi ya kuzungukazunguka. Sikutaka intaneti. Nilitaka binti yangu arudi nyumbani. Ni mtoto wangu wa pekee. Aliolewa, na kabla mwaka haujaisha akaenda na mumewe Kanada, kuwatunza wazee wa watu wengine. Baba yake alikuwa amekufa miaka miwili kabla ya hapo. Nikabaki na nyumba ya vyumba vitano upande wa vilima, juu ya mji wa Machakos, na jiko ambalo halikujua kwamba watu wamepungua. Muthokoi hauna namna ya kupikiwa mtu mmoja. Ule mchanganyiko wa mahindi yaliyokobolewa na maharagwe unataka sufuria kubwa na watu wa kugombania ukoko. Nilikuwa nikipika Jumatatu na kula mpaka Alhamisi, nikiwa nimesimama, kwa sababu kukaa mezani peke yangu kulinikasirisha.

Mtandao wa simu nyumbani kwangu ni wa kubembeleza. Ulipatikana kwenye dirisha la jikoni tu, kona ya kushoto, nikiwa nimeinamisha kichwa. Binti yangu alipiga Jumapili baada ya ibada, na katikati ya neno sauti ilikatika. Nilibaki nikisema "haloo, haloo" kwa kuku waliokuwa nje. Ndipo akanitumia pesa na picha ya ile mashine. Aliandika: "Mama, chukua ya kioo. Nataka kukuona."

Kwa hiyo nilikwenda dukani nikiwa nimeshachaguliwa. Na bado nilikaa kwenye kile kiti karibu saa nzima, wateja wakija na kuondoka, nikiyakodolea macho yale madude mawili. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Lakini wahenga hawakuwa na mkwe Kanada.

Kwetu Ukambani kuna jambo linaitwa nthoni. Ni haya, ila si haya ya mtu aliyefumaniwa. Ni haya ya heshima, nayo hukaa kati ya mwanamume na mama wa mkewe. Mkwe haketi na mama mkwe, hali chakula naye, wala hamtazami usoni. Zamani wakikutana njiani, mmoja aliingia kichakani mpaka mwenzake apite. Haya hiyo huondolewa kwa heshima zake, mkwe anapomletea mama mkwe blanketi na mbuzi wa kuchinjwa, watu wakala, na tangu siku hiyo wakaweza kuketi pamoja kama mama na mwana. Mkwe wangu alikuwa bado hajaleta. Visa zilitoka haraka kuliko mbuzi.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilifundisha sayansi kimu miaka mingi, na niliwaambia wasichana wangu darasani kwamba mila nyingine ziliwekwa na watu waliokuwa na nafasi ya kukaa bure. Lakini siku kijana yule alipofika kwangu na watu wake kuleta mbuzi wa kuanzisha ndoa, miguu yangu ilinipeleka jikoni bila kuniuliza. Nikakaa huko mpaka walipoondoka. Naye, aliyelelewa na nyanya yake huko Muthetheni kwa mkono mgumu, alipita mbele ya mlango wa jikoni kofia ikiwa imefunika macho, karibu ajigonge kwenye nguzo. Katika picha za harusi yeye yuko pembe moja na mimi pembe nyingine, kama watu waliogombana. Hatukugombana. Nilimpenda sana kwa ile kofia.

Basi nilipokuwa dukani nilifikiria chumba chao. Wanaishi chumba kimoja chini ya nyumba ya watu, kitanda, jiko na kochi vikitazamana. Nikiweka kioo kwangu, na wao wana mashine kama hiyo hiyo yenye kioo kwao, nitamwona mkwe wangu akipita na fulana, akinywa chai, amelala mdomo wazi. Naye ataniona nimefunga leso kichwani, sina meno ya mbele ambayo huyavaa nikienda kanisani. Haikuwezekana.

Lakini sauti, nikajiambia, sauti imeruhusiwa. Marehemu mume wangu alipokuwa na neno la kumwambia mamangu, alisimama nje ya ukuta wa jikoni, na mama akabaki ndani akichochea moto, wakaongea kupitia ukuta. Walielewana vizuri kuliko mimi na mume wangu tulivyowahi kuelewana uso kwa uso. Uso ndio mwiko. Nikainuka, nikaweka mkono juu ya lile duara la kijivu.

"Si alisema ya kioo?" msichana akauliza.

"Alisema. Lakini kuna mkwe."

Aliniangalia. Yeye mwenyewe ni Mkamba, nilimsikia akiongea na mwenzake, ila ni wa mjini. "Ai, susu, kwani hiyo nthoni bado iko?"

"Iko."

"Na si uko na simu? Si hata simu iko na video?"

"Simu naificha mfukoni. Hiki kitakaa mezani kama mtu."

Akacheka, akanifungia. Jioni hiyo nilimwandikia binti yangu kwamba zenye kioo zilikuwa zimeisha. Sikumbuki kama niliwahi kumdanganya kabla ya hapo kwa jambo lolote isipokuwa sindano za hospitali. Alijibu: "Sawa mama. Si neno." Nilijua ni neno.

Spika ilinipa taabu wiki ya kwanza. Haijui Kikamba, Kiswahili inakisikia kama mtu aliyeziba masikio, kwa hiyo tulibaki na Kiingereza. Kila asubuhi niliisalimu kwanza kabla ya kuituma, maana kutuma kitu bila kusalimu sikuweza. Ilinijibu kwa furaha nyingi na kunitangazia mvua ambayo haikunyesha. Nitakiri pia kwamba niliiuliza saa nikiwa nimevaa saa. Ukikaa siku mbili bila kuulizwa hali na mtu, unaanza kutafuta visingizio vya kujibiwa.

Lakini mtandao wake ulishika. Niliiweka kwenye meza ya sebuleni karibu na dirisha, nikaiambia kwa Kiingereza changu cha ubaoni, mpigie binti yangu. Na binti yangu akaingia sebuleni. Sauti yake ilijaa mpaka juu darini, bila kukatikakatika, nikasikia hata mafuta yakichemka kwenye kikaango chake. Kwangu ilikuwa saa kumi alasiri, kwake ni asubuhi, ametoka kazi ya usiku, anapika chakula kabla ya kulala. Nilikaa mezani siku hiyo. Nikajipakulia nikala nikiwa nimekaa, na mtu akaniuliza, "Mama, unakula nini?"

Tukaanza kuongea kila siku. Mwanzo nusu saa, halafu saa nzima. Alinipigia au nilimpigia, haikujalisha. Yeye aliosha vyombo, mimi nilichagua maharagwe. Alinieleza juu ya mzee mmoja anayemtunza ambaye humwita kwa jina la dada yake aliyekufa. Nilimweleza nani amezikwa, nani amejenga, bei ya embe imeanguka, na vile mchungaji wetu amenunua gari na sasa mahubiri yamekuwa mafupi.

Jambo moja nililigundua mapema. Kila mara tukishasalimiana, nilisikia mlango ukifungwa kwake. Mkwe anaenda kazini, nikadhani. Nikamsifu moyoni: kijana mchapakazi, anatoka bila kuambiwa. Na mlango ukishafungwa, binti yangu alikuwa mwingine. Sauti ilishuka. Alirudi kuwa yule aliyekuwa akija kitandani kwangu baba yake akisafiri.

Ilikuwa katika mazungumzo hayo, siku ya mvua kubwa kwangu na theluji kwake, ndipo aliposema: "Mama, nimechoka. Nataka kurudi."

Niliweka chini ungo wa maharagwe. Niliogopa kusema kitu kikubwa nikakiharibu. Nikamwuliza kama amemwambia mumewe.

"Bado. Yeye anapenda huku. Anasema miaka kumi. Usimwambie mtu, mama."

"Nitamwambia nani?" nikasema, na tukacheka wote wawili, kwa sababu ilikuwa kweli.

Siku zilizofuata nilikuwa mtu mwenye mimba ya siri. Nilifua mapazia ya chumba chake. Nilianika godoro. Tulipanga kila kitu baada ya mlango kufungwa: atafungua duka la kushona Tala, kule kwenye soko, atakaa kwangu kwanza, mumewe atafuata akitaka au watajua wenyewe la kufanya. Ile sentensi ya mwisho niliisema mimi, na siyo sentensi ninayojivunia. Kila siku nilimwuliza, "Umemwambia?" Kila siku alisema, "Bado, nitamwambia." Nilikuwa na subira. Nilikuwa nimesubiri miaka mitatu, mwezi mmoja haungeniua.

Jumapili moja ya Februari nilipiga simu, tukasalimiana, mlango ukafungwa.

"Leo pia anafanya kazi?" nikauliza. "Jumapili?"

Nikasikia maji yakitiririka kwenye sinki mpaka binti yangu akayafunga.

"Haendi kazini, mama. Anatoka tu nje."

"Nje wapi?"

"Nje kwenye ngazi. Anasema hawezi kukaa ndani mama mkwe akiongea. Nimemwambia mara mia nitaweka simu sikioni, anakataa, anasema nisikunyime raha. Anavaa koti anatoka. Ukimaliza anaingia."

"Na baridi?"

"Ndiyo hiyo baridi, mama."

Nilihesabu kichwani. Tulikuwa tukiongea saa nzima, siku nyingine saa moja na nusu, tangu Desemba. Kumbe siku zote hizo, mtu alikuwa amesimama kwenye theluji kwa heshima yangu, na mimi ndani ya chumba chake nikimshauri mkewe amwache. Ukuta nilioukumbuka dukani, wa mume wangu na mamangu, ulikuwa wa maneno mafupi: ng'ombe amezaa, karo imelipwa, kwaheri. Hakuna aliyesimama nje ya ule ukuta kusikiliza wanawake wakipiga soga. Mimi nilichagua sauti nikidhani sauti haina uzito. Na kijana wa Muthetheni alijua kuliko mwalimu.

Hapo ningetaka kuandika kwamba nilisema mara moja, mwite aingie. Sikusema. Nilijua vizuri akiingia kitakachotokea. Nilibadilisha habari, nikauliza juu ya mzee wake, na kesho yake nikapiga tena. Nilipiga siku nne zaidi nikijua. Nilifupisha kidogo, nikajiambia dakika arobaini si saa. Kila mlango ulipofungwa nilishtuka, halafu nikaendelea. Upweke ni mwalimu mbaya, unakufundisha kuhesabu baridi ya mtu mwingine kama vile si baridi.

Siku ya tano, kabla mlango haujafungwa, mkwe alikohoa. Kilikuwa kikohozi kirefu, kutoka chini kabisa kifuani, cha mtu anayejaribu kukizuia kwa mkono. Niliwahi kusikia kikohozi kama hicho kwenye nyumba yangu mwenyewe, na sitaki kusema zaidi juu ya hilo.

"Mwambie asitoke," nikasema.

"Hatasikia, mama. Alisema hata mimi nikimwambia vipi, hilo si langu la kusema. Ni lako."

Nilisimama. Sijui kwa nini nilisimama, hakuna aliyekuwa akiniona. Nilivuta leso vizuri kichwani, nikainama karibu na kile kitambaa cha kijivu, na kwa mara ya kwanza tangu amuoe binti yangu nikamwelekezea mkwe wangu neno.

"Mwanangu, ingia ndani. Keti na mke wako. Blanketi utaniletea siku utakayokuja."

Kisha nikasikia kiti kikivutwa.

"Asante, mama," akasema. Sauti yake ni nyororo, sikuwa nimetarajia. "Mungu akubariki."

Binti yangu alikuwa analia. Mimi nililia baadaye, nikiwa naosha sufuria.

Tangu siku hiyo tunaongea vizuri sana sisi watatu. Mkwe wangu ni mtu wa mazungumzo kumbe, alikuwa amenyimwa nafasi tu. Ananiuliza juu ya mvua, juu ya ng'ombe wa jirani, kama spika inanisumbua. Ananifundisha namna ya kuizima na kuiwasha mtandao ukikwama. Ananiita mama kila sentensi. Kikohozi kilipona. Binti yangu naye ananiambia wako salama, wanamshukuru Mungu, kazi inaendelea. Anasema hayo kwa sauti ya kuzungumza na mgeni wa heshima, na baada ya dakika kumi tunaagana kwa maombi.

Nilijua yatakuwa hivi, na bado nilikasirika yalipokuwa. Nilimkasirikia mkwe kwa kukaa ndani, kana kwamba si mimi niliyemwita. Nilingoja siku ambayo hatakuwepo. Shida ni kwamba zamani mlango uliniambia yuko wapi. Sasa mlango haufungwi, na mashine yangu haina kioo, kwa hiyo sioni kochi lao lina watu wangapi.

Nikamwandikia ujumbe binti yangu kwenye simu: "Lile jambo vipi?" Alinijibu kwa picha ya mikono miwili inayosali. Nikaandika tena. Akasema: "Tutaongea mama."

Alasiri moja mwezi wa Machi nilipiga, akapokea yeye. Tulisalimiana. Kulikuwa kimya nyuma yake, hakuna redio, hakuna kijiko. Nilitega sikio, sikusikia pumzi ya mtu mwingine. Nikasema moyoni, leo yuko peke yake. Nikainama mezani, nikashusha sauti kama zamani.

"Mwanangu, na ile habari ya kurudi?"

"Kurudi wapi, mama?" akauliza mkwe wangu. Alikuwa karibu, pengine bega kwa bega na binti yangu. Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu aliyekatizwa usingizini.

Nilimsikia binti yangu akivuta hewa, na katika kuvuta kule nilingoja, nikimwombea, nikimsukuma kutoka mbali, sema, mwanangu, sema sasa, nimekufungulia njia.

"Mama anauliza kama tutakuja Krismasi," akasema.

"Aa, Krismasi." Akacheka kidogo, kwa upole. "Ni mapema bado, mama. Tutaona vile Mungu atapanga."

"Ndiyo, mwanangu," nikasema. "Nilikuwa nauliza tu."

Na kwa kuwa walikuwa wakinisubiri niendelee, nikawauliza kama theluji imeanza kuyeyuka.